Masikio ya Fundi Melki

Tangu mashine mpya iingie kwenye Haisi ya Faustina, Fundi Melkizedeki hakukalia kigoda chake. Alizunguka gari. Alifuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Alifungua boksi la spana, akalifunga, akaenda mpaka barabarani kutazama kama kuna anayekuja, akarudi amemkasirikia mtu ambaye hata hajafika. Mafundi wa gereji za jirani pale Same walidhani ni joto la Februari limempanda kichwani. Walikosea. Jambo lenyewe walilijua watu wawili tu, yeye na mkewe: fundi aliyesifika Upare nzima kwa kusikiliza mashine alikuwa hasikii tena.

Hakuwa kiziwi kabisa. Mtu akisimama mbele yake na kusema taratibu, alimpata kwa midomo na kwa kubahatisha. Lakini zile sauti ndogondogo kali, za vali, za nozeli, za beringi inayoanza kuchoka, zilikuwa zimeondoka moja moja tangu kabla ya Pasaka ya mwaka jana, na hakuna hata moja iliyoaga. Mashine yoyote ikiwashwa sasa, yeye alisikia uvumi tu, kama upepo wa Same unavyovuma nje ya mlango uliofungwa.

Kwa hiyo alijifunza kutikisa kichwa. Mteja akisema, alitikisa kichwa. Fundi mwenzake akitania, alicheka wengine wakicheka. Alichagua kazi za breki, za springi, za klachi, kazi zisizohitaji masikio, na walioleta mashine aliwapiga kalenda mpaka wakachoka wenyewe. Nyumbani redio ilinguruma hadi mkewe, Eliakunda, akawa anaizima na kumtolea uvivu.

"Baba Joel, waambie watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nikiwaambia nitakula nini?" alijibu kwa sauti iliyowashtua kuku wa jirani. "Fundi wa mashine asiyesikia ni nani? Ni mzee aliyekaa na spana."

Na alikuwa na sababu ya kuogopa. Omari, mchomeleaji wa mageti aliyekuwa ng'ambo ya barabara, macho yalipomwishia watu walikuja kumpa pole kwa wiki tatu nzima. Wiki ya nne wakapeleka mageti yao kwingine. Watu wa Same si wabaya, lakini geti halichomelewi kwa pole. Omari alirudi kwao na banda lake sasa linauza chipsi. Melki alilipita kila asubuhi akitazama upande mwingine.

Faustina ndiye aliyeshindikana kupigwa kalenda. Alikuwa mama wa Chome wa miaka arobaini na sita, mkavu wa maneno, aliyeendesha Haisi yake mwenyewe kwa miaka kumi na miwili. Alishusha kabichi, maharage na watu mpaka Same, akapandisha sukari, mabati na watu walewale. Mwezi wa kumi na mbili mashine ilipasuka katikati ya safari, akaacha gari njiani na kushuka kwa miguu. Wiki saba alihangaika akitafuta mashine nyingine, akaipata Moshi kwa Abdulmalik, muuza vipuri vya mtumba, mtu mwaminifu. Siku aliyoileta ikiwa imefungwa kwa kamba juu ya pikapu ya kukodi, Haisi ikivutwa nyuma, hakuuliza kama Melki ana nafasi.

"Shikamoo fundi. Nimekuletea. Mashine ya kwanza ulinifungia wewe, na hii utanifungia wewe."

"Marahaba, Mama Irene," alisema Melki, na kichwa chake kikajitikisa chenyewe. Kiburi kilimponza, tuseme ukweli. Kusifiwa na mtu asiyejua kusifu ni mtego mbaya.

Kazi ya mikono ilimwendea vizuri. Haisi ya zamani mashine yake imelala chini ya viti vya mbele, dereva ameikalia kama kuku aliyeatamia. Melki aliinua viti, akalipandisha gari kwenye magogo, akaishusha ile mashine mbovu kwa chini na kuipandisha nyingine kwa mnyororo, siku tatu, kila nati mahali pake. Mikono haikusahau kitu. Siku ya tatu jioni alikuwa na furaha ya kweli, mpaka alipokumbuka kwamba imebaki pampu.

Pampu ya dizeli ina wakati wake. Ikirusha mafuta mapema, mashine hugonga ndani kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo, na ikiendelea kugonga hivyo kwenye mlima siku moja itajitoboa. Ikichelewa, inakuwa nzito na kutoa moshi mweupe. Kati ya mapema na kuchelewa kuna nafasi ya upana wa ukucha, na gereji ya Melki haikuwa na kipimo cha kuitafuta zaidi ya sikio lake. Miaka thelathini na mitano aliweka ncha ya bisibisi kwenye mashine na mpini kwenye sikio, akaisogeza pampu mpaka mlio ukakaa sawa. Sasa aliweka bisibisi hivyohivyo, akasikia damu yake mwenyewe ikipita kichwani. Akaiondoa. Akaweka kiganja juu ya mashine, akaisogeza pampu mbele kidogo, akahisi nguvu. Akaisogeza tena. Ilitetemeka kwa afya, au ndivyo alivyotaka kuamini, akakaza nati kabla moyo haujabadilika.

Faustina alikuja Jumatano. Alikalia kiti chake, akawasha, akainamisha kichwa.

"Fundi, hiki kimlio cha nini? Hiki, kama kinagongagonga?"

Melki alimtazama midomo. Hapo ndipo angeweza kusema. Akatikisa kichwa.

"Nakisikia. Mashine ngeni huwa hivyo, itazoea."

Faustina alikaa kidogo na mguu kwenye mafuta. Alikuwa ameikalia mashine miaka kumi na miwili na makalio yake yalijua mambo. Lakini nani wa kumbishia Fundi Melki habari za mlio? Ni sawa na kumfundisha mchungaji Baba Yetu. Akazima.

"Sawa, baba. Wewe ndiye unayejua. Basi kesho twende ukaitembeze."

Kutembeza gari ndiko kulikompa Melki jina mlimani. Mafundi wengine humaliza kazi bondeni, wakapokea chao, wakakuaga. Yeye alipanda na gari mpaka kwenye mwinuko mkali kuliko yote, akashuka, na dereva akapandisha kwa gia namba moja na mzigo wake huku fundi anatembea pembeni, mkono mgongoni, kichwa kimeinama, anasikiliza. Akiinua mkono, gari linasimama na yeye anarekebisha palepale. Alisema gari la mlimani lisikilizwe mlimani. Watu wa Mhezi na Chome walizoea hivyo hadi gari lisilotembezwa na Melki walilipanda wakisali.

"Kesho nina msiba Kwakoa," alisema.

"Msiba wa nani?"

Alitaja mtu aliyezikwa Januari. Faustina alikuwepo kwenye mazishi hayo.

"Fundi," alisema taratibu, "saa mbili nakupitia."

Usiku ule hakulala, na asubuhi hakunywa chai. Eliakunda alimshika mkono mlangoni na kumgeuza amtazame. "Mwambie mkiwa njiani. Mko wawili tu, hakuna wa kukucheka." Akaahidi. Alikusudia kabisa. Haisi ilikuwa na mifuko kumi ya saruji ya usharika wa Chome, na walipoacha mkonge na vumbi la tambarare aliamua kumwambia wakifika Mwembe. Walipofika Mwembe aliamua kumwambia baada ya Mwembe. Barabara ilianza kujikunja, hewa ikapoa, migomba ikatokea, na bado hajamwambia. Faustina alisema vitu viwili vitatu akitazama barabara, na fundi alitikisa kichwa kwa vyote.

Chini ya Mhezi kuna mwinuko ambao madereva wameubatiza Vunjagia. Walipofika wakakuta njia imejaa watu. Mvua za vuli zilikuwa zimekula barabara na leo ilikuwa msaragambo: kila nyumba imetoa mtu wake, jembe na sururu, karai za kokoto, watu kama arobaini wakitengeneza njia yao wenyewe kama babu zao walivyofanya. Siku ya msaragambo hakuna anayepita na mikono mfukoni. Dereva husimama, abiria hushuka, kila mmoja anabeba jiwe moja mawili ndipo apite. Mwenyekiti wa kitongoji, Naftali, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, alikuwa anakuja kuwapangia mawe yao alipomtambua aliyeshuka.

"Ee! Fundi Melki! Jamani, leo kuna kutembezwa gari!"

Majembe yakawekwa chini. Msaragambo una kazi nyingi na burudani chache. Watu wakajipanga kingoni mwa barabara wakifuta jasho, wengine wakakaa juu ya mawe, na Bibi Ernesta, mkongwe wao, akabaki amesimama na karai lake la kokoto kichwani ili asipitwe.

Melki alitamani ardhi impasukie. Lakini miguu ilikwenda ilikozoea, ubavuni mwa gari, na mkono ukaenda mgongoni, na kichwa kikainama. Faustina akaingiza gia namba moja. Haisi ikauma mlima na mifuko yake kumi.

Akatembea. Hatua kumi, hatua ishirini. Aliona bomba la moshi likitetemeka, aliona kokoto zikiruka, na masikioni mwake kulikuwa na ule uvumi tu. Akatikisa kichwa kama mtu anayeridhika. Akainua macho kidogo, akakutana na uso wa Bibi Ernesta.

Bibi Ernesta alikuwa amekunja uso kama aliyetafuna mchanga ndani ya wali. Aliyefuata, kijana mwenye sururu, alikuwa ameinua mabega. Baada yake kulikuwa na mwanamke aliyemfunika mtoto wake sikio kwa kiganja. Melki aliwatazama mmoja baada ya mwingine, uso kwa uso, mpaka mwisho wa mstari, na wote arobaini walimwambia kitu kimoja. Mashine inagonga. Inagonga vibaya hata mkulima wa kabichi anajua.

Aligeuka kumtazama Faustina. Yule mama alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na macho yake yalikuwa kwa fundi, si barabarani. Alisikia kila pigo, lilikuwa chini ya kiti chake. Lakini mkono wa fundi haukuwa umeinuka, na kwa kuwa haukuinuka, mguu wake ulibaki kwenye mafuta. Angebaki hivyo mpaka mashine ipasuke. Melki aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

Akainua mkono.

Gari likasimama, watu wakakimbilia kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Naftali akaja mbele yake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mikutano alisema wazi na kwa midomo mipana.

"Fundi, hii mashine wamemuuzia mbovu, siyo?"

Ikawa njia nyeupe. Neno moja lilitosha. Abdulmalik alikuwa Moshi, hayupo wa kujitetea, na mashine za mtumba kila mtu anazijua. Angesema ndiyo, watu wangemlaani muuzaji, mashine ingeshushwa na kurudishwa, Faustina angeanza upya wiki zake saba, na Fundi Melki angeshuka Same na jina lake zima. Ile ndiyo ilikuwa tayari mdomoni, ameionja.

"Mashine ni nzima," alisema, kwa sauti iliyofika bonde la pili maana hakujua tena kupima sauti yake. "Mbovu ni mimi. Sisikii."

Hakujua kama watu walinyamaza au walizungumza. Aliona midomo kadhaa ikienda. Faustina alishuka, akazunguka gari, akasimama mbele yake.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Pasaka ile iliyopita."

"Na jana nilipokuuliza?"

"Sikusikia kitu, Mama Irene. Nilikudanganya."

Macho ya Faustina yalijaa machozi ya hasira. Alitazama gari, akatazama mlima, akamrudia. "Basi hatushuki na gari linalogonga. Wewe unajua cha kufanya?"

"Cha kufanya nakijua. Sijui wapi pa kuachia."

"Mimi najua," alisema Faustina. "Fungua."

Melki akainua kiti cha abiria, akalegeza nati za pampu na za mabomba yake. Faustina akarudi kwenye kiti chake, akawasha, mguu mmoja kwenye mafuta na mkono wake wa kushoto juu ya bega la fundi aliyeinama. Walijaribu kwanza kwa maneno, ikashindikana, maana mlio hauna maneno. Ndipo akaanza kumgonga begani kwa vifundo vya vidole, kwa kasi ileile na ukali uleule wa mashine. Melki akashtuka. Aliujua. Ulikuwa ni ule mlio aliouwinda miaka thelathini na mitano, umerudi kwake kwa njia ya mfupa.

Akaisukuma pampu nyuma kidogo, akakaza, akasubiri. Vifundo vikagonga, vikali bado. Akasukuma tena. Vikapungua. Akasukuma tena, na safari hii hakuhitaji bega: moshi mweupe ulimwagika nyuma ya gari na kuwafunika watu wa msaragambo wakawa wanakohoa na kumshutumu. Macho yake yalikuwa hayajagoma. Akairudisha mbele, nusu ya ukucha, akakaza.

Vifundo havikuja tena. Kiganja kizima kililala begani, kikapiga taratibu, sawasawa, bila kuruka. Alibaki ameinama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Panda," alimwambia. "Naitembeza."

Mawe yakaondolewa, Haisi ikauma mlima tena. Melki alitembea pembeni, na mara hii hakujifanya kuinamisha kichwa. Alitazama nyuso. Hatua tano za kwanza zilimfuata zote. Halafu kijana wa sururu akatemea viganja mate na kuinua sururu. Mwanamke mwenye mtoto akageuka kumwambia mwenzake kitu. Bibi Ernesta akashusha karai lake na kumwaga kokoto kwenye shimo. Alipofika juu ya Vunjagia hakukuwa na mtu hata mmoja anayelitazama gari.

Chome walishusha saruji. Mfuko wa mwisho ulipotua, Faustina akamshika fundi mkono na kumgeuza.

"Nina hasira na wewe. Nilikuwa na masikio yangu mazima, nikayaweka kando kwa heshima yako."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila kila atakayekuletea mashine umwambie kabla hujashika spana. La sivyo nitasimama mlangoni pako nimwambie mimi."

Maneno yalishuka mlimani kabla yake, maana simu hazihitaji gia. Ijumaa mwenye Canter alikuja, Melki akamwambia, naye akampa pole ndefu, kisha akakumbuka kwamba ana shughuli Mwanga na akaondoka na gari lake. Jumamosi hakuja mtu. Jumatatu asubuhi alikuwa amesimama barabarani, kigoda bado hakimkaliki, alipoingia Mwalimu Clemence na gari lake, Noah kuukuu inayokosa nguvu.

"Mwalimu, kabla hujasema," alianza Melki. "Masikio yangu yamekufa. Mikono ipo, ila wa kusikiliza awe mwenye gari. Ukiona haifai, sitakulaumu."

Mwalimu Clemence alisema kitu, lakini alikuwa ameshageuka kufungua boneti, na Melki aliona kisogo tu. Kichwa chake kilianza kutikisika kwa mazoea ya mwaka mzima. Akakisimamisha. Akamgusa mwalimu begani.

"Geuka unitazame. Umesemaje?"

Mwalimu akageuka.

"Nimesema, nisimame upande gani?"